Picassiette: jina la dharau lililogeuka jina la nyumba

Leo twende Chartres, mji mmoja wa Ufaransa ulio kusini-magharibi ya Paris. Wengi wanaujua juu ya kanisa lake kubwa lenye vioo vya rangi. Lakini huko kuko pia nyumba ndogo, namba 22 ya rue du Repos, ambayo kuta zake, ndani na inje, zimefunikwa na sahani zilizovunjika. Historia yake inatuuliza swali moja: ni nani anayeamua kwamba kitu fulani ni takataka?

Mwenye nyumba aliitwa Raymond Isidore. Alizaliwa mwaka 1900 katika familia ya watu wa hali ya chini, na hakusomea sanaa popote. Alifanya kazi za mikono za namna mbalimbali, na mwishoni alikuwa mfagiaji wa makaburi. Mwaka 1929 alinunua parseli, akajijengea nyumba yeye mwenyewe, akakaa humo pamoja na mke wake Adrienne.

Mwaka 1938, akitembea mashambani, aliona vipande vya chupa na vya sahani viking'aa chini. Akaviokota juu vilimpendeza tu, bila mpango wowote. Vilipokuwa vingi nyumbani, ndipo likamjia wazo la kuvipanga ukutani. Tangu hapo hakuacha. Vikombe vilivyopasuka, mabakuli, chupa, vyote ambavyo watu walitupa jalalani, yeye alivibeba. Alianza ndani: kuta kwanza, kisha meza, viti, kitanda, hata stovu na mashine ya kushonea. Ndani ilipojaa, akatoka inje: kuta za nyumba, ua, bustani, kakanisa kadogo. Vipande vilishikwa na simenti, vikafanya maua, wanyama, sura za watu, makanisa, na mji wa Yerusalemu. Inahesabiwa kwamba alitumia tani kama 15 za vipande na masaa karibu 29.000 ya kazi.

Majirani walionaje? Walimcheka. Wakamwita Picassiette. Sisi tuliosoma Kifaransa tunasikia mara moja ule mchezo wa maneno: pique-assiette ni mtu anayekula kwa wengine bila kualikwa, na nyuma yake unasikia Picasso. Yaani dharau mbili ndani ya neno moja: muombaji wa sahani, tena anajidai msanii!

Isidore akafa mwaka 1964. Mwaka 1981 mji wa Chartres ukanunua ile nyumba, na mwaka 1983 serikali ya Ufaransa ikaiandika kati ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria. Leo watu wanalipa tiketi ili waingie. Na inaitwaje? Maison Picassiette. Jina la kumcheka ndilo liko mlangoni.

Sahani ni zile zile, simenti ni ile ile. Ni nini basi kilibadilika? Mambo mawili tunaweza kuyaonyesha. Kwanza, tangu miaka ya 1950 watu wa inje walianza kufika, kati yao Robert Doisneau, mpiga picha maarufu, na picha zikatembea. Pili, mwaka 1945 mchoraji Jean Dubuffet alikuwa ameanzisha neno art brut, kwa kutaja kazi za watu ambao hawakupita kwenye shule za sanaa. Neno hilo lilisaidia sana. Kazi kama ya Isidore ilikuwa wazimu wa mfagiaji. Kisha ikapata jina ambalo wasomi na maofisa wangeweza kuliandika kwenye karatasi.

Lakini tusifikiri kwamba mambo yanaisha vizuri kila mara. Kule Detroit, Marekani, mwaka 1986 Tyree Guyton na babu yake Sam Mackey walianza kupamba kuta za nyumba zilizoachwa kwenye Heidelberg Street, kwa kutundika vitu vilivyotupwa: midoli, viatu, saa, vyombo vya nyumbani. Alitaka watu waone namna mtaa wake ulivyoachwa. Viongozi wa mji walituma mashine zikabomoa sehemu ya kazi hiyo mwaka 1991, na tena mwaka 1999. Kwa wageni ilikuwa sanaa. Kwa ofisi ya mji ilikuwa uchafu. Na wakati huo ofisi ndiyo ilikuwa na tinga tinga.

Hapo ndipo jambo hili linatugusa sisi wenye diplome. Kwetu pia, masoni anaokota vipande vya karo vilivyobaki kwenye chantier, anavipanga kwenye ukuta wa parseli vikafanya nyota au samaki. Tunapita, tunasema "ni mzuri", basi. Siku parseli inauzwa, ukuta unaanguka, na hakuna anayejua ni nani aliufanya, wala mwaka gani. Kazi ya Isidore ilipona pia juu kuna watu waliofika angali hai, wakapiga picha, wakamsikiliza.

Kwa hiyo, kama kwenye avenue yenu kuko ukuta wa namna hiyo, piga picha, muulize fundi jina lake, andika tarehe. Telefone iko mfukoni tayari. Ni ukuta gani utatangulia nao?