Beki Aliyetoka Chini ya Mlima wa Moto

Katika ukurasa wa historia, safari hii tunavuka bahari hadi Martinique, kisiwa cha Karibi ambacho ni sehemu ya Ufaransa. Kaskazini mwake kipo kijiji kidogo cha pwani kiitwacho Le Prêcheur, chini ya mlima wa volkano wa Pelée. Tarehe 8 Mei 1902 mlima huo ulilipuka, ukateketeza mji jirani wa Saint-Pierre na kuua watu wapatao 28,000. Maisha yalirudi taratibu, na hapo Le Prêcheur ndipo alipokulia Wendie Renard, aliyezaliwa mwaka 1990.

Wendie ni kitinda mimba katika mabinti wanne. Baba yao alifariki kwa saratani ya mapafu Wendie akiwa na miaka 8, mama akabaki na mzigo wa malezi. Mpira alianzia katika klabu ya kijijini, akicheza pamoja na wavulana.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwao alitunzwa kweli, lakini kisiwa hakikuwa na ngazi ya kumpandisha juu zaidi. Mwaka 2006, akiwa bado kijana wa shule, alisafiri karibu kilomita 7,000 kwenda kufanyiwa majaribio katika kituo cha taifa cha Clairefontaine, karibu na Paris. Hakuchaguliwa. Angeweza kurudi kwao na habari yake ikaishia hapo. Badala yake alipata nafasi ya pili, katika klabu ya Lyon, nao wakamchukua.

Miaka minne baadaye, mwaka 2010, Lyon ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa wanawake, ikafungwa na Turbine Potsdam ya Ujerumani kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2011 timu hizo zilikutana tena katika fainali mjini London. Renard, beki wa kati, ndiye aliyefunga bao la kwanza, Lyon ikashinda 2-0. Hadi mwaka 2022 alikuwa ametwaa kombe hilo mara 8, yote akiwa na klabu ile ile iliyompokea.

Kazi ya beki ni kuzuia, na mara nyingi hukumbukwa siku anapokosea. Renard aliyajua yote mawili. Katika Kombe la Dunia la 2019, lililochezwa Ufaransa, alifunga mabao mawili ya kichwa dhidi ya Korea Kusini. Urefu wake wa mita 1.87 ulimsaidia. Siku tano baadaye alijifunga dhidi ya Norwei. Hakuinamisha kichwa: mechi iliyofuata alifunga penalti iliyoiangusha Nijeria.

Februari 2023, akiwa nahodha, alijitoa timu ya taifa kwa kutoridhishwa na jinsi ilivyoendeshwa. Mwezi uliofuata kocha aliachishwa kazi, naye akarejea. Julai, mjini Brisbane, Australia, kichwa chake cha dakika ya 83 kiliipa Ufaransa ushindi wa 2-1 dhidi ya Brazili.

Ndugu zangu, makombe yote hayo yako Lyon, lakini mpira wa kwanza ulipigwa kijijini. Na kati ya kijiji na Lyon palikuwa na jambo moja dogo: baada ya kukataliwa mara ya kwanza, palikuwa na mlango wa pili wa kubisha. Sisi nasi tunao mabinti wenye vipaji vya mpira, hesabu na ufundi, wanaorudi nyumbani baada ya kukataliwa mara moja tu kwa sababu nauli imekwisha. Tunapochanga mwaka huu, tujenge kiwanja na darasa, lakini tuweke akiba pia kwa ajili ya safari ya pili ya mtoto wetu.