Video yenye sauti bila picha: usiifute kabla ya kuichunguza

Harusi imefungwa ng'ambo ya mpaka, na ndugu aliyehudhuria ameirekodi kwa simu kisha akawatumia waliobaki nyumbani. Faili linapofunguliwa kwenye kompyuta, vigelegele vinasikika, hotuba ya mjomba inasikika, lakini skrini ni nyeusi tupu. Aliyepokea huamini kwamba video imeharibika, akaifuta. Aliyerekodi naye huenda ameshaifuta simuni ili apate nafasi. Kumbukumbu hupotea kwa namna hiyo, ilhali mara nyingi faili lilikuwa zima kabisa.

Faili la video ni mfano wa kasha. Ndani yake mna mikondo miwili iliyotengana, mmoja wa picha na mwingine wa sauti, na kila mmoja umebanwa kwa kanuni yake ili usichukue nafasi kubwa. Kanuni hiyo ya kubana na kukunjua huitwa kodeki. Herufi za mwisho wa jina la faili, kama vile .mp4 au .mov, hutaja kasha tu. Hazisemi kilichomo kimebanwa kwa kodeki gani. Ndiyo maana kubadili herufi hizo, ushauri unaotolewa mara kwa mara mitaani, hakusaidii kitu.

Kwa miaka mingi picha za video zilibanwa zaidi kwa kodeki ya H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003 na kutambuliwa na karibu kila chombo. Mwaka 2013 ikaja mrithi wake, H.265, iitwayo pia HEVC, ambayo hubana zaidi bila kupunguza ubora wa picha. Kampuni ya Apple ilianza kuitumia katika simu za iPhone mwaka 2017, na simu nyingi za aina nyingine zikafuata. Sauti, kwa upande wake, iliendelea kubanwa kwa kodeki ya zamani ya AAC. Matokeo yake ni kwamba kompyuta au televisheni ya zamani huielewa sauti bila taabu, lakini ikifika kwenye picha hukwama. Hata baadhi ya kompyuta mpya za Windows hukwama, kwa kuwa HEVC inalindwa na hataza zinazolipiwa, na Microsoft huuza nyongeza ya kuisoma kwa takriban dola moja.

Jambo la kwanza la kufanya ni kutazama ukubwa wa faili. Sauti pekee huchukua takriban megabaiti moja kwa dakika. Video ya HEVC ya ubora wa kawaida katika iPhone huchukua takriban megabaiti 60 kwa dakika. Hivyo, rekodi ya dakika kumi yenye megabaiti mia kadhaa kwa hakika ina kitu kingine zaidi ya sauti. Ikiwa ni megabaiti kumi tu, huenda mtumaji alituma sauti peke yake, nawe hauna budi kumwomba atume upya.

Hatua inayofuata ni kulifungua faili kwa programu ya VLC, isiyolipiwa, ambayo hubeba kodeki zake yenyewe na haitegemei zile za kompyuta. Katika visa vingi tatizo huishia hapo. Skrini ikibaki nyeusi hata ndani ya VLC, ingia katika mipangilio yake, sehemu ya kodeki, uzime usaidizi wa kadi ya picha, kisha uifunge programu na kuifungua tena; kadi za zamani huweza kudai kuimudu kazi wasiyoiweza. Picha ikionekana lakini inakwamakwama, kompyuta yenyewe ndiyo dhaifu.

Kwa wanaotaka kuitazama kwenye televisheni kupitia flashi, dawa ni kuigeuza video iwe ya H.264. Programu ya HandBrake, nayo ya bure, hufanya kazi hiyo na kutoa faili jipya bila kuligusa la awali. Katika kompyuta ya zamani kazi hiyo yaweza kuchukua muda mrefu kuliko video yenyewe, basi iachwe usiku. Lihifadhi faili la awali hata baada ya kufanikiwa, kwa sababu kila mgeuzo hupunguza ubora kidogo.

Jihadhari na kurasa zinazotangaza mafurushi ya kodeki ya kupakua. Baadhi yake hubeba virusi, na aliye na VLC hayahitaji.

Wapo wanaoshangaa kwamba video ileile huonekana vizuri ikitumwa kwa WhatsApp. Sababu ni kwamba WhatsApp huibana upya video iliyotumwa kwa njia ya kawaida, ikawa nyepesi na yenye kusomeka kwa urahisi, ingawa ubora hushuka. Ikitumwa kama hati, hufika ilivyo, pamoja na tatizo lake.

Anayerekodi naye aweza kuwaepusha wenzake na usumbufu huu. Katika iPhone, mipangilio ya kamera ina sehemu ya fomati, ambamo mtu huchagua ile inayokubalika na vyombo vingi zaidi. Gharama yake ni nafasi: dakika moja hupanda kutoka megabaiti 60 hadi takriban 130, na sherehe ya saa mbili huzidi gigabaiti 15.