Bastola ya Kujilinda Kenya: Jinsi ya Kuipata Kihalali, Kuichagua na Kuibeba Bila Kuingia Matatani

Jumamosi ya Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jumba la Westgate jijini Nairobi, baadhi ya watu wa kwanza kuingia kuwaokoa waliokuwa wamenaswa ndani walikuwa raia wenye bastola zilizo na leseni. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa. Alifika pale kwa sababu kakake alikuwa ndani.

Tangu siku hiyo, Wakenya wengi hujiuliza: je, nami ninaweza kumiliki bastola ya kujilinda? Jibu ni ndiyo, lakini si rahisi, na leseni yenyewe ni mwanzo tu wa safari. Bastola hiyohiyo inayoweza kukuokoa usiku wa wezi inaweza kumuua mtoto wako sebuleni au kukupeleka Kamiti. Haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujaanza.

Si haki, ni ruhusa

Wengi wameona filamu za Marekani na kudhani kila mtu ana haki ya kubeba bunduki. Kenya si hivyo. Katiba ya mwaka 2010 inalinda haki ya kuishi, lakini hakuna mahali inaposema raia ana haki ya kuwa na silaha.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kifungu cha 4 kinasema wazi kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kununua, kupata wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Angalia hapo: hata risasi tupu. Ukikutwa na risasi tatu kwenye droo na huna cheti, hilo ni kosa la jinai hata kama hujawahi kushika bunduki.

Bunduki za kivita kama AK-47 na G3 hazihusu raia kabisa. Ukipatikana nayo, usitarajie huruma ya korti.

Nani anatoa leseni?

Kazi hiyo ni ya Bodi ya Leseni za Silaha. Bodi hii iliundwa kupitia marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014, na ndani yake kuna wawakilishi wa polisi, idara ya ujasusi, ofisi ya Mwanasheria Mkuu na shirika la wanyamapori, KWS. Kabla ya hapo, uamuzi ulikuwa mikononi mwa afisa mmoja mkuu wa leseni.

Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i aliamuru raia wote wenye bunduki wapigwe msasa upya ndani ya siku 90. Hata waliokuwa wamemiliki silaha kwa miaka mingi walilazimika kurudi kwenye foleni. Funzo la hapo ni moja: leseni ya bunduki si hati ya shamba. Serikali ikiona haja, inaweza kuichukua.

Bodi inaangalia nini?

Sheria inataka mwombaji aridhishe bodi kwa mambo makubwa mawili.

Kwanza, uwe na sababu ya maana. "Nataka tu" au "rafiki zangu wanazo" si sababu. Mfanyabiashara anayesafirisha pesa taslimu, mtu aliyetishiwa maisha na akaripoti polisi, au mfugaji anayeishi mahali penye uvamizi ana jambo la kueleza. Kama umewahi kuripoti vitisho, nambari ya OB kutoka kituo cha polisi ni ushahidi mzuri kuliko maneno matupu.

Pili, usiwe hatari kwa amani na usalama wa umma. Sheria inamkataa mlevi wa kupindukia, mtu asiye na akili timamu, na yeyote ambaye kwa sababu nyingine hafai kuaminiwa na silaha.

Kwa hiyo tarajia kuombwa cheti cha maadili mema kutoka DCI, kitambulisho na maelezo ya kazi yako. Tarajia pia kuchunguzwa na maafisa wa usalama kuanzia mtaani kwako, kuhojiwa, kupimwa hali ya akili na kuonyesha kwamba umefunzwa kutumia silaha. Majirani wanaweza kuulizwa wewe ni mtu wa aina gani. Mwenye kesi za kupiga mke au kupigana baa asishangae akikataliwa.

Cheti kikitoka, huandikwa aina ya silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Kinadumu mwaka mmoja, kisha unakihuisha. Ukisahau, unakuwa na bunduki haramu nyumbani.

Na jihadhari na mabroka wanaodai kwamba "wanajua mtu" na watakupatia cheti kwa wiki moja. Cheti feki hakimlindi mtu. Kinamfunga.

Kuchagua bastola: usinunue kwa macho

Silaha hununuliwa kwa muuzaji aliyesajiliwa pekee, na lazima aone idhini yako kwanza. Bastola ya "kutoka kwa jamaa fulani" huenda imeshatumika kwenye mauaji. Rekodi za maganda ya risasi zikilinganishwa, kesi inakuangukia wewe.

Kuna aina mbili kuu.

*Rivolva.* Ni ile yenye silinda inayozunguka, kwa kawaida yenye risasi tano au sita. Haina mambo mengi: risasi ikigoma, unavuta triga tena na silinda inaleta nyingine. Ubaya wake ni kwamba triga huwa nzito, risasi ni chache, na kuijaza upya huchukua muda.

*Bastola ya magazini.* Hii ndiyo Wakenya wengi huijua. Neno "Ceska" limezoeleka sana, nalo linatokana na bastola zilizoundwa Czech, kama vile CZ 75. Nyingine maarufu ni Glock ya Austria. Glock 17 hubeba risasi 17 kwenye magazini, na Glock 19, ambayo ni ndogo kidogo, hubeba 15. Nyingi kati ya hizi hutumia risasi za milimita 9, ambazo ni rahisi kupatikana na teke lake linavumilika.

Kuna tofauti moja ambayo mnunuzi mpya lazima aielewe. CZ 75 ya kawaida ina kitufe cha usalama pembeni, kinachofungwa na kufunguliwa kwa kidole gumba. Glock haina kitufe hicho. Vizuizi vyake viko ndani na kwenye triga yenyewe, kwa hiyo triga ikivutwa hadi mwisho, inafyatuka. Si mbaya, ila inamtaka mtu aliyezoea kuweka kidole mbali na triga na aliye na mfuko imara wa kuibebea.

Kabla ya kulipa pesa, jiulize maswali haya:

1. Je, inajaa mkononi mwangu? Kidole kifike kwenye triga bila kujinyoosha, na vidole vingine vishike mpini vizuri.

2. Je, naweza kuivuta nyuma sehemu ya juu bila kuhangaika? Mwenye nguvu kidogo za mikono anaweza kufaidika zaidi na rivolva.

3. Je, uzito wake naweza kuubeba siku nzima? CZ 75 ya chuma hukaribia kilo moja bila risasi. Glock 19 ina takriban gramu 600.

4. Je, nimeijaribu uwanjani? Bastola ndogo sana huvutia kwa sababu inafichika, lakini hupiga teke kali na kulenga nayo ni kazi.

Bajeti yako isiishie kwenye bastola. Hesabu pia sefu ya chuma, mfuko wa kuibebea, risasi za mazoezi, mafunzo na ada za kila mwaka. Mtu asiyeweza kugharamia mazoezi hajaweza kugharamia bastola.

Kanuni nne za uhai

Wakufunzi wa silaha duniani kote hufunza kanuni nne:

- Chukulia kila bunduki ina risasi, hata kama umeambiwa haina.
- Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu.
- Kidole kikae nje ya triga hadi uwe umelenga na umeamua kufyatua.
- Jua unacholenga na kilicho nyuma yake.

Kanuni ya nne ina uzito wa pekee kwetu. Risasi ya milimita 9 hupenya mabati na mbao bila shida, na inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Kwenye mtaa wa nyumba za mabati au ploti zilizobanana, risasi iliyomkosa mwizi inaweza kuingia chumbani kwa jirani aliyelala.

Kosa lingine la kawaida ni kutoa magazini na kudhani bastola iko tupu. La hasha. Risasi moja huwa imebaki chemba. Toa magazini kwanza, vuta nyuma sehemu ya juu, kisha angalia kwa macho na uguse kwa kidole.

Kuibeba barabarani

Bastola ya kujilinda hubebwa ikiwa imefichwa. Anayeinua shati watu waone "chuma" anajitafutia majambazi wanaotaka kumpora silaha hiyo, pamoja na polisi wasiojua yeye ni nani.

Ibebe kwenye mfuko wake maalum uliofunika triga kabisa, ukiwa umefungwa kiunoni. Usiichomeke tu kwenye suruali, na usiitupe kwenye mkoba wenye funguo na kalamu. Pia usiiache kwenye gari, hata kwa dakika tano za kuingia dukani.

Tembea na cheti chako kila wakati. Polisi akikusimamisha, mikono iwe mahali anapoiona. Mwambie kwa utulivu: "Afande, nina bastola yenye leseni, iko kiunoni upande wa kulia." Kisha ngoja akuelekeze. Usiitoe mwenyewe kumwonyesha.

Mahakama, benki, ofisi za serikali na majumba mengi ya biashara hukagua silaha langoni. Uliza utaratibu wao kabla hujafika mlangoni. Kwenye uwanja wa ndege, silaha hutangazwa kwa polisi kabla ya ukaguzi, ikiwa imetolewa risasi. Haiingii nawe kwenye kiti.

Na ukivuka Namanga au Busia, leseni yako ya Kenya imeishia hapo. Tanzania na Uganda zina sheria zao na zinataka vibali vyao.

Halafu pombe. Bunduki na chupa havikai meza moja. Ukijua leo kuna sherehe, bastola ibaki kwenye sefu. Kuonyesha silaha baa au kufyatua hewani kusherehekea mwaka mpya kunatosha kukupokonya leseni na kukufikisha kortini. Risasi iliyopigwa juu lazima ishuke, nayo haichagui itamshukia nani.

Nyumbani: adui ni droo ya kitandani

Watoto wanajua kila mahali unapoficha vitu. Chini ya godoro, juu ya kabati na ndani ya droo si mahali pa bastola. Weka sefu iliyofungwa kwenye ukuta au sakafu, na nambari zake ziwe kichwani mwako tu.

Kama nyumbani kuna ugomvi wa ndoa, au kuna mtu anayepitia msongo mkubwa wa mawazo, jambo la busara ni kuipeleka silaha kituo cha polisi itunzwe. Hiyo si aibu.

Ikiibwa au ikipotea, ripoti mara moja. Ukinyamaza na ikatumika kwenye uhalifu, utakuwa na maswali mengi ya kujibu. Na mwenye leseni akifariki, familia isiirithi kama ng'ombe au gari. Ipelekwe polisi, kwa sababu cheti ni cha mtu mmoja.

Lini unaruhusiwa kufyatua?

Hapa ndipo wengi hukosea. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujitetea kutaamuliwa kwa misingi ya sheria za kimila za Uingereza. Kwa lugha nyepesi, korti itauliza mambo matatu.

Je, hatari ilikuwa ya kweli machoni pako na ya wakati uleule? Je, ilikuwa lazima kutumia nguvu? Na je, nguvu uliyotumia ililingana na hatari?

Korti haitarajii mtu aliyevamiwa usiku apime kila kitu kama mwenye mizani ya dukani. Msimamo huo ulielezwa katika kesi maarufu ya Palmer ya mwaka 1971, na majaji wa Kenya huurejelea. Lakini mwizi anayekimbia na simu yako, akiwa amekupa mgongo, hakuhatarishi tena. Ukimpiga risasi hapo, hujajitetea, umelipiza kisasi. Hata palipo na hatari ya kweli, nguvu ikipita kiasi unaweza kupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Ikitokea umefyatua, hakikisha uko salama, piga simu 999 au 112, omba ambulensi na usiguse kitu pale. Weka silaha chini kabla polisi hawajafika, maana hawajui nani ni mwizi na nani mwenye nyumba. Toa maelezo ya msingi, kisha omba wakili. Silaha itachukuliwa kwa uchunguzi. Hilo ni jambo la kawaida.

Kabla ya kujaza fomu

Mlango imara, taa za nje, mbwa, kengele ya hatari na kundi la WhatsApp la majirani huzuia wezi wengi kabla hawajafika kitandani kwako, na havihitaji leseni. Anza navyo. Ukiona bado maisha yako yako hatarini, fuata njia ya bodi hatua kwa hatua na ujifunze kulenga. Kisha uombe Mungu bastola hiyo izeeke kwenye mfuko wake bila kufyatuliwa hata mara moja nje ya uwanja wa mazoezi.