Jina la Muliro Nililijua, Kura Yake Sikuijua

Nimesoma Kakamega miaka minne, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Jina hilo liko kwa kitambulisho changu, liko kwa fulana mbili ambazo siku hizi ni za kulalia, na kila nikimwambia msee wa Nairobi mahali nasomea ananiuliza kuhusu Muliro Gardens huku akicheka. Mnajua mbona anacheka. Lakini ungeniuliza huyu Muliro mwenyewe alifanya nini mpaka akapewa chuo na bustani, ningekujibu "alikuwa kiongozi fulani wa kitambo", na hapo ujuzi wangu ungeisha.

Aliyenifanya nimjue Muliro ni mbunge wangu. Na si kwa sababu wanafanana.

Tarehe 25 Juni 2024 kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Mimi nilikuwa hosteli, watu sita juu ya kitanda kimoja, simu moja tu ikiwa na bando. Bunge la Taifa lilikuwa linapiga kura ya mwisho kwa Mswada wa Fedha. 195 wakasema Ndio, 106 wakasema La. Yaliyofuata pale nje na ndani ya Bunge, risasi na wale hawakurudi nyumbani, yameandikwa na waliokuwepo, siwezi kuyaandika vizuri kuwaliko. Ninachokumbuka mimi ni orodha. Jioni hiyo ilianza kuzunguka kwa simu, majina ya wabunge na walivyopiga kura, na kila mtu chumbani akaanza kutafuta wake. Jamaa mmoja akampata wake kwa La, akapiga nduru kama ni bao. Mwingine akampata kwa Ndio, akaweka simu chini bila kusema kitu. Mimi wangu sikumpata. Nikarudia, nikidhani nimeruka jina. Hakuwa Ndio, hakuwa La.

Piga hesabu na mimi. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimtoa Spika. 195 na 106 ni 301. Kuna karibu wabunge hamsini ambao siku kubwa kuliko zote za kizazi chetu haikuwapata upande wowote. Wangu alikuwa mmoja wao, na wiki iliyofuata alikuwa kwa mazishi kijijini, kipaza sauti mkononi, akisema yeye siku zote yuko na vijana. Siku zote!

Hapo ndipo nilianza kusoma Hansadi. Kwa wale hawajui, Hansadi ni kumbukumbu rasmi ya kila kitu kinachosemwa Bungeni, na unaisoma bure kwa tovuti ya Bunge. Nitakuwa mkweli, inachosha. Kuna kurasa na kurasa za "Mheshimiwa Spika, kwa hoja ya nidhamu". Lakini ndani yake nilijifunza kitu ambacho hakuna mtu alinifundisha shuleni: mambo mengi Bungeni hupitishwa kwa sauti. Spika anauliza, wanaokubali wanapaza sauti, wanaokataa wanapaza sauti, Spika anaamua nani amesikika zaidi, imeisha. Hakuna jina linaandikwa. Ndiyo maana mbunge anaweza kukwambia "mimi nilipinga ile sheria" na huna pa kumshikia. Jina huandikwa tu wakati kura inahesabiwa mtu kwa mtu. Hizo ni chache, lakini hizo ndizo rekodi yake. Maneno ya mazishi si rekodi.

Nikamtafuta wangu kwa kura ya tarehe 20 Juni, siku tano kabla, wakati mswada ule ule uliposomwa mara ya pili na kupita 204 kwa 115. Alikuwa hapo. Ndio.

Kwa hivyo alikubali Alhamisi, na Jumanne akapotea. Katikati ya hizo siku tano simu yake ilikuwa imejaa ujumbe wetu, hiyo najua kwa sababu mmoja ulikuwa wangu. Alipoogopa hakubadilisha kura. Aliificha.

Sasa nikajiuliza, kwani kuna mbunge wa nchi hii amewahi kupiga kura akijua itamuuma? Nikaanza kurudi nyuma, miaka ya themanini, ya sabini. Na huko mwaka 1975 nikakutana na jina la kitambulisho changu.

Hadithi ya JM wengi mnaijua nusu nusu. Josiah Mwangi Kariuki alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliwahi kufungwa na wakoloni wakati wa Mau Mau, aliwahi kuwa katibu wa Kenyatta mwenyewe, kisha akaanza kusema wazi kwamba uhuru umegeuka mali ya watu wachache na ardhi imeenda kwa wenye nguvu. Tarehe 2 Machi 1975 alionekana akitoka hoteli ya Hilton hapa Nairobi pamoja na mkuu wa GSU, Ben Gethi. Mwili wake ulipatikana Ngong. Kwa siku kadhaa wananchi walikuwa wanadanganywa kwamba amesafiri Zambia, kumbe yuko mochari.

Bunge lilikasirika kikweli. Likaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo, na kamati ikafanya kazi miezi miwili na kitu tu. Ripoti yao ilisema polisi walikuwa wanaficha ukweli, na ikataja wakubwa waliopaswa kuchunguzwa. Hata hivyo inajulikana kwamba majina mawili ya watu wa karibu kabisa na Rais yalitolewa kabla ripoti haijafika mezani. Hebu fikiria hiyo hofu. Na bado hata ikiwa imekatwa hivyo, serikali haikutaka Bunge liikubali.

Ikafika kura mwezi wa Juni. Hii haikuwa ya sauti.

62 wakakubali ripoti. 59 wakakataa.

Kati ya wale 62 kulikuwa na watu watatu wa serikali yenyewe: Masinde Muliro, Waziri wa Ujenzi, na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu. Chukua kalamu. Hao watatu wangepiga kura vile bosi alitaka, matokeo yangekuwa 59 kwa 62 na ripoti ingeanguka. Kwa kweli hata wawili wangetosha. Ripoti ya kifo cha JM iliingia kwa historia ya nchi hii kwa sababu watu watatu ambao walikuwa na gari la serikali, mshahara wa serikali na kila sababu ya kuenda msalani wakati wa kura, walibaki kwa viti vyao.

Wote watatu wakafutwa kazi.

Najua kuna msee wa sheria anasoma hii akitikisa kichwa. Ndiyo, kuna kanuni kwamba waziri akiwa ndani ya baraza lazima asimame na serikali, na asipokubaliana nayo ajiuzulu kwanza. Kwa kanuni hiyo Kenyatta alikuwa na haki ya kuwafuta. Sibishani. Lakini hiyo ndiyo inafanya kura ile iwe na uzito, manze. Muliro hakuwa mgeni wa siasa eti hakujua kanuni. Alikuwa ameingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, kati ya Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa. Alikuwa mwanzilishi wa KADU pamoja na Ronald Ngala, na KADU ilipojivunja mwaka 1964 akaingia upande wa serikali kama wenzake. Alijua siasa ya kuinama, alishainama. Kwa hivyo sitaki kumuuza hapa kama malaika. Alikaa kwa serikali hiyo miaka, na mambo JM alikuwa analalamikia yalikuwa yanafanyika Muliro akiwa ndani. Ninachosema ni kwamba siku moja ilifika ambapo kura yake ilikuwa na bei, na akailipa huku jina lake likiandikwa.

Na bei haikuishia kwa kazi. Mwaka uo huo, mwezi wa Oktoba, Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge vile KANU ilivyouawa. Mbunge mwingine akadai athibitishe. Aliyekuwa amekalia kiti cha Spika ni naibu wake, Jean-Marie Seroney, naye akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili walikamatwa pale pale Bungeni na kuwekwa kizuizini. Hakuna kesi, hakuna shtaka. Walitoka Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki na Moi kuwaachilia wafungwa wa kisiasa.

Bunge lilielewa somo. Miaka saba baada ya ile 62 kwa 59, tarehe 9 Juni 1982, mswada wa kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria ulipita bila mtu kupinga. Uliletwa na Charles Njonjo na kuungwa mkono na Mwai Kibaki. Hapa huwa nakwama kidogo, kwa sababu mimi ni mtoto wa elimu ya bure ya Kibaki, bila yeye labda singekuwa naandika hii. Lakini jina lake liko hapo, kama vile la Muliro liko pale. Miaka tisa baadaye kifungu hicho hicho kikafutwa, na Kibaki akaunda chama chake cha upinzani. Watu hubadilika, sawa. Karatasi haibadiliki.

Sasa rudi 2024. Kuna kitu kimoja kilinifanya nifunge simu nitembee nje kidogo. Chini ya katiba ya 2010, mbunge hawezi kuwa waziri bila kuacha kiti. Yaani ule mshahara ambao Muliro alipoteza kwa kura moja, mbunge wangu hana. Hakuna Rais anayeweza kumfuta kazi yake ya ubunge kwa sababu amesema La. Kizuizini kwa kuongea Bungeni kulishaisha. Anachoweza kupoteza ni nini? Nafasi kwa kamati, safari, tiketi ya chama uchaguzi ukifika. Mwaka 2023 ODM ilitangaza kuwafukuza wabunge kadhaa waliokuwa wanashirikiana na serikali, kwa hivyo sisemi vyama havina meno. Lakini ukilinganisha na 1975, hii ni bei ya sokoni jioni, wakati mama mboga anafunga.

Na wengi bado wanaona ni ghali.

Muliro aliendelea kulipa na kulipwa kwa njia zake. Mwaka 1991 alikuwa tena kati ya waanzilishi wa FORD, pamoja na Jaramogi na Shikuku yule yule, wakidai vyama vingi wakati kudai hivyo kulikuwa hatari. Agosti 1992 alishuka kutoka ndege ya London, akaanguka uwanja wa ndege wa Nairobi akafariki, miezi minne kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ambao alikuwa ameupigania. Kuhusu JM, mpaka leo hakuna mtu hata mmoja amewahi kuhukumiwa kwa kumuua. Zile kura 62 hazikumpeleka mtu jela. Ziliacha tu karatasi inayosema Bunge lilijua.

Desemba hiyo nilirudi nyumbani. Mbunge wangu alikuja uwanja wa chifu kuongea mambo ya basari, na wakati wa maswali nikainua mkono. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hilo swali kwa matatu njia yote.

"Mheshimiwa, shikamoo. Tarehe 20 Juni ulipiga kura ya Ndio. Tarehe 25 jina lako haliko popote. Ulikuwa wapi?"

Watu wengine wakaguna, wengine wakapiga makofi kidogo kisha wakaacha. Yeye hakukasirika, alitabasamu. Akasema kazi ya mbunge ni nyingi, kuna kamati, kuna mambo ya wananchi, na vijana wa siku hizi wanasoma vitu kwa simu. Kisha akaniangalia tena, kwa upole kabisa.

"Na wewe ni kijana wa nani?"

Mama alikuwa amekaa mstari wa pili, mkoba kwa magoti. Ndani ya mkoba kulikuwa na fomu ya basari ya ndugu yangu mdogo, imejazwa yote, imebaki sahihi ya ofisi ya mheshimiwa. Aliinama akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Nikajitaja jina.