Ripita na kasuku wake

Walinzi na waongoza watalii wana redio koli zao. Wapenzi wa redio za ridhaa, wenye leseni na alama za wito zinazoanza na 5H kwa Tanzania au 5Z kwa Kenya, wana neno la ziada: ripita. Wapo wanaotaka iitwe kirudiaji. Ni Kiswahili kizuri, ila kinapotosha.

Kurudia ni kusema tena, na ripita haisubiri. Hunasa sauti kwenye masafa mamoja na papo hapo kuirusha kwenye mengine. Marekani, katika bendi ya mita 2, tofauti ya kawaida ni kilohezi 600 tu, na hapo ndipo balaa: kirushio hukizibia kipokezi masikio, mpaka vifungwe vichujio vikubwa vya chuma. Kwa hiyo anayejiundia ripita ya mkobani mara nyingi hupokea kwenye mita 2 na kurusha kwenye sentimita 70. Redio mbili za mkononi, waya kutoka tundu la spika ya moja hadi la maikrofoni ya pili, ambayo hujiwasha ikisikia sauti. Wati 5 tu, lakini zipandishe kilimani uone.

Kinachorudia kweli ni kifaa kingine, chenye masafa mamoja: hurekodi maneno, hungoja msemaji aachie kitufe, kisha huyatoa yote. Wanaozungumza Kiingereza wamekibandika jina la kasuku. Kirudiaji kingemfaa huyo.