Pomboo wa Sakila

Ukipanda Hiace ya Moshi kutoka Arusha mjini, ukashuka Kikatiti na kushika njia inayopanda upande wa Mlima Meru, utafika Sakila. Ni kijiji cha migomba na kahawa. Jina lake lina pacha kwenye kompyuta: pomboo wa nembo ya MySQL, hifadhidata huria ambayo mafundi wengi wa tovuti wa rika langu ndiyo tuliyoanza nayo kazi, naye anaitwa Sakila.

Kampuni ya MySQL iliwaomba watumiaji wake wampe pomboo jina. Lililoshinda lilitumwa na mtengenezaji programu mwenye asili ya Uganda aliyekuwa Swaziland, ambayo siku hizi ni Eswatini. Alieleza kuwa ni jina la kike lenye mizizi katika Kiswati, na pia ni jina la mji ulioko Arusha. Mji! Watu wa Sakila wana haki ya kumshukuru kwa kuwapandisha cheo.

Nimeifuata njia ya pomboo huyu kurudi nyuma, nayo haianzii Arusha, wala Uppsala nchini Sweden yalikokuwa makao ya kampuni yake. Inaanzia California, kwenye maabara ya IBM mjini San Jose, mwaka 1970. Hapo Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani katika Vita Kuu ya Pili, alichapisha makala kuhusu namna ya kupanga data. Kabla yake, kutafuta taarifa kwenye kompyuta kulifanana na kutafuta jalada masijala: sharti umpate karani anayejua limewekwa kabati gani, nyuma ya lipi, na karani huyo akistaafu mmekwisha. Codd alitaka taarifa zikae kwenye majedwali, mtu aseme anachotaka, na shida ya kujua kilipo iwe ya mashine.

IBM ilijivuta, maana mfumo wake wa zamani ulikuwa ukiuzika vizuri. Lakini makala ilikwisha kutoka. Huko Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong waliisoma, na mwaka 1973 wakaanza kujenga Ingres, ambayo msimbo wake waliugawa kwa vyuo vingine kwenye kanda, kwa ada ndogo. Katika ukoo huo ndimo ilimozaliwa PostgreSQL, hifadhidata huria yenye nembo ya tembo. Msomaji mwingine wa kazi za IBM alikuwa Larry Ellison. Yeye na wenzake walianzisha kampuni mwaka 1977, na mwaka 1979 walikuwa na hifadhidata sokoni kabla ya IBM yenyewe. Waliiita Oracle. Tutakutana nayo tena mbele.

MySQL ilikuja mwaka 1995, kazi ya Michael Widenius wa Finland na Wasweden wawili, David Axmark na Allan Larsson. My ni jina la binti yake Widenius. Mwaka 2000 waliiweka chini ya leseni ya GPL: chukua, soma, badili, gawa, ila ukigawa ulichobadili, toa na msimbo wake. Kwetu tuliojifunzia kwenye kafe za intaneti kwa kulipia dakika, maana yake ilikuwa moja: CD ingeweza kunakiliwa na kuzunguka darasa zima, na hakuna aliyeitwa mwizi.

Baadaye pomboo alipewa hifadhidata ya mazoezi yenye jina lake. Ni duka la kukodisha DVD lenye matawi mawili, moja Lethbridge, Kanada, jingine Woodridge, Australia. Lina filamu 1,000 za kubuni, waigizaji 200 na jedwali la miji 600. Siku ya kwanza nilipoifungua niliuliza miji ya Tanzania. Zikaja safu tatu: Mwanza, Tabora, Zanzibar. Arusha hamna.

Januari 2008 kampuni ya Sun Microsystems ilitangaza kuinunua MySQL kwa takribani dola bilioni 1. Mwaka uliofuata Oracle ikatangaza kuinunua Sun, na Januari 2010 pomboo akawa mali ya kampuni iliyokulia kwenye makala za wengine. Widenius alipinga kwa nguvu. Simwonei huruma sana, kwani alikuwa miongoni mwa waliouza, lakini leseni ilikuwa imemwachia mlango. Alichukua msimbo uleule akaanzisha MariaDB, jina la binti yake mdogo. Pomboo hakuweza kumfuata, nembo ilikwenda na mauzo. MariaDB ikajitafutia simba wa baharini.

Miaka hiyohiyo mambo mengine yalikuwa yakipikwa Cape Town. Kikundi cha Amazon kilichoongozwa na Chris Pinkham kilijenga huko EC2, huduma ya kukodi kompyuta kwa saa, ikatolewa Agosti 2006. Oktoba 2009 Amazon ikaanza kukodisha hifadhidata nzima ikiwa na nakala zake za akiba, na ya kwanza ilikuwa MySQL. Mimi niliyewahi kulala sakafuni mwa chumba cha seva kwa sababu diski ilijaa usiku wa kuamkia mishahara, sikuhitaji kubembelezwa.

Ila GPL humbana anayegawa programu. Mwenye wingu, yaani mkodishaji wa kompyuta kama Amazon, hagawi kitu, anapangisha. Waliojenga hifadhidata huria wakaona wapangishaji wakivuna shamba lao, na mmoja mmoja wakaanza kuweka ua: MongoDB ilibadili leseni mwaka 2018, Redis Machi 2024. Kabla mwezi huo haujaisha, watu walikwisha chukua msimbo wa Redis uliokuwa bado huru na kuanzisha Valkey. Ujanja wa Widenius, safari hii bila binti.

Juzi nilikodi seva ndogo kwenye wingu la Cape Town, nikapakia hifadhidata ya Sakila kwenye MariaDB. Nikafungua jedwali la miji, nikaandika amri ya mstari mmoja. Mashine ikajibu kuwa safu moja imeongezwa. Namba 601, Arusha.