Jehanamu Yenye Mwisho: Wayahudi na Kutakaswa kwa Roho za Wafu

Kabla ya kuwa moto wa ahera, Jehanamu ilikuwa bonde. Bonde la Hinomu liko upande wa kusini wa mji wa kale wa Yerusalemu. Biblia inasimulia kwamba wafalme Ahazi na Manase waliwapitisha watoto wao motoni huko, hata mfalme Yosia akapanajisi mahali pale ili mtu asirudie tendo hilo. Kwa Kiebrania bonde hilo ni Ge Hinomu. Jina lilisafiri, likapitia Kiarabu, likaingia Kiswahili likiwa jehanamu. Tukilisikia leo, wengi wetu tunafikiria moto usiozimika. Kwa marabi wengi wa zamani moto huo ulikuwa wa kutakasa, na kwa watu wengi ulikuwa na mwisho.

Insha hii inadai kwamba imani hiyo haikuja yote kwa siku moja. Ilikua hatua kwa hatua, na hatua zake kubwa zilifuata vifo ambavyo walio hai walishindwa kuvipokea. Jambo hilo linatuhusu sisi wa Dzaleka. Kambi yetu, iliyoko wilaya ya Dowa, ilikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Wengi humo wana wafu walioachwa njiani bila kuoshwa wala kuzikwa. Watu wakikaa kilioni, Mkatoliki anaiombea roho iliyo toharani, Msabato anasema marehemu amelala, Mwislamu anamwombea dua, na Mpentekoste anauliza kama marehemu alikuwa ameokoka. Wayahudi walibishana juu ya maswali ya namna hii zamani sana.

Torati yenyewe inasema machache juu ya ahera. Inataja Sheoli, ambayo wafasiri wetu waliiita kuzimu, neno la Kibantu lenye shina moja na mizimu. Sheoli ni mahali pa kimya wanakoshuka wema na wabaya pamoja. Malipo ya matendo yalitarajiwa hapa duniani: mvua, mazao, watoto na umri mrefu.

Hesabu hiyo ilivunjika mwaka 167 KK, mfalme Antioko wa Nne alipopiga marufuku dini ya Kiyahudi. Walioishika sheria ndio waliouawa, na walioiacha wakapona. Kama malipo yangekuwa ya hapa duniani tu, basi waasi ndio waliopata thawabu. Wataalamu wengi wanasema kitabu cha Danieli kilipata umbo lake la mwisho katika miaka hiyo, na humo ufufuo wa wafu unatajwa waziwazi. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinaeleza jinsi Yuda Makabayo alivyochangisha fedha za sadaka ya dhambi kwa ajili ya askari waliouawa wakiwa na hirizi za miungu mingine chini ya nguo zao. Hapa walio hai wanaanza kuwasaidia wafu. Wakatoliki wanacho kitabu hicho katika Biblia yao. Waprotestanti hawakihesabu kuwa Maandiko, na hiyo ni sababu mojawapo ya wao kukataa toharani.

Warumi walipolibomoa Hekalu mwaka 70, sadaka zilikoma. Masadukayo, waliokana ufufuo, walitoweka, na marabi wakaendeleza mafundisho ya Mafarisayo. Talmudi inasimulia mabishano ya shule mbili. Shule ya Shamai ilisema watu ni makundi matatu: wema kabisa, waovu kabisa, na wa katikati, ambao watashuka Gehinomu, walie, kisha wapande. Shule ya Hileli ilijibu kwamba Mungu mwenye rehema huielemeza mizani upande wa rehema. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200, ina kauli ya Rabi Akiva kwamba hukumu ya waovu huko Gehinomu ni miezi 12.

Hatua nyingine ilitokea Ujerumani. Mwaka 1096 Wanamsalaba waliwaua Wayahudi wa Worms na Mainz. Katika karne zilizofuata, desturi ya yatima kumsomea mzazi wake sala ya Kadishi ilienea katika nchi hizo. Maneno ya sala hiyo hayataji kifo. Ni sifa kwa Mungu tu, na lazima watu wazima kumi wawepo ili isomwe. Baadaye Rabi Moshe Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliandika kwamba mtoto huisoma miezi 11 tu. Kufikisha 12 kungekuwa kumhesabu mzazi wake kuwa mwovu.

Huku Afrika Mashariki historia hii ilirudiwa kwa njia yake. Mwaka 1919, karibu na Mbale nchini Uganda, Semei Kakungulu alijitahiri pamoja na wanawe, akaanzisha jamii ya Abayudaya. Mwanzo wake ulikuwa Biblia peke yake, bila Mishna wala Talmudi. Mapokeo ya marabi aliyapata baadaye kupitia wageni, akiwemo Myahudi aitwaye Yosef aliyefika mwaka 1920. Jamii hiyo ilivumilia marufuku ya Idi Amin, na mwaka 2002 mamia ya Abayudaya walizamishwa majini mbele ya marabi ili uongofu wao utambuliwe rasmi.

Wanaomkiri au kumngoja Masihi walifuata njia nyingine. Wayahudi wa Kimasihi, wanaomkubali Yesu, kwa kawaida hufundisha kwamba damu yake inatosha kutakasa, hivyo hakuna miezi ya kungoja. Hapa Malawi, mwaka 1908, Elliot Kenan Kamwana, Mtonga wa kaskazini, alirudi akihubiri kwamba Kristo atasimamisha ufalme wake mwaka 1914. Alibatiza maelfu, na mwaka 1909 serikali ya kikoloni ikamfukuza nchini. Mafundisho ya Charles Taze Russell aliyoyafuata yalikana kabisa mateso ya milele. Yalipofika Kongo yakaitwa Kitawala, jina ambalo wazee wetu wa Katanga na Kivu wanalifahamu.

Marabi waliupa moto mwisho, na Russell akauondoa. Kwa watu wengi, wote walikataa kwamba mateso ya roho yaendelee milele. Kwa hiyo tunapobishana kilioni, tusidhani kwamba mmoja wetu ana jibu la kale na wengine wamelibuni. Majibu yetu mengi yamepitia katika mabishano hayohayo. Na kwa waliopoteza wafu wao barabarani, desturi ya Kadishi ina jambo la kutafakari: haidai kaburi liwepo. Inadai watu kumi wakubali kusimama na mfiwa.